Bega la Msimu wa Alizeti

Yunisi hakuumbwa kukaa. Mama yake, Anastazia, huwaambia watu kwamba hata tumboni mtoto huyu alikuwa hatulii: akipata nafasi anageuka, akikosa nafasi anapiga teke. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, ana miaka ishirini na mmoja, mkono wake wa kulia unajulikana toka Mwankoko mpaka Ikungi, halafu umwambie akae wiki kumi na mbili bila kurusha kitu. Si utakuwa umemfunga kamba?

Lakini ndivyo alivyoambiwa. Na hapa pana jambo ambalo watu wa mjini walilipotosha baadaye waliposimulia habari zake, kwa hiyo nalisema mapema: Yunisi alitii. Wapo watakaokwambia alikuwa mkaidi, kwamba alikuwa anatoroka alfajiri kwenda kurusha mkuki vichakani. Uongo mtupu. Binti wa watu alitii neno kwa neno, na bado ilikuwa kidogo tu aupoteze mkono.

Tuanzie Mei. Kwenye mashindano ya mkoa, pale uwanjani mjini Singida, Yunisi alirusha mkuki mita arobaini na tatu, na mkuki wenyewe ulikuwa mzee kuliko yeye. Alikuwa amefundishwa na Mwalimu Urbano, mwalimu wa jiografia ambaye shule yake ilikuwa na mkuki mmoja tu wa kweli, kwa hiyo wanafunzi wake walijifunzia mianzi iliyochongwa ncha. Siku hiyo alikuwepo afande mmoja wa timu ya riadha ya jeshi, amekaa jukwaani na miwani yake nyeusi. Baada ya mtupo wa tatu akashuka kuuliza jina la yule binti mrefu. Akamwambia wazi: wiki ya mwisho ya Septemba tuna majaribio Dodoma, njoo, ukifikisha mita arobaini na tano nafasi ni yako. Nafasi yenyewe ni ajira, kocha wa kueleweka, na kulala ukijua kesho utarusha tena. Kwa binti aliyemaliza kidato cha nne miaka minne nyuma na hana pengine pa kuupeleka mkono wake, hiyo ndiyo ilikuwa dunia.

Shida ni kwamba bega lilikuwa limeshaanza kusema. Kwanza likawa zito, halafu likawa linachoma kwa ndani, chini ya mfupa. Mtu mwenye akili zake angesema, "Mwalimu, bega." Yunisi akaona afande anamtazama, akaumeza uchungu wake, akarusha wa nne na wa tano. Kwenye wa sita akasikia kitu kinachanika ndani, taratibu, kama kanga iliyochakaa. Mkuki ukaanguka karibu sana hata wapimaji hawakujisumbua kuufuata na utepe. Yeye akasimama pale ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akamtabasamia afande. Ujinga wa namna hiyo sijui tuuite nini.

Daktari wa viungo aliyempokea mjini aliitwa Witness, mzaliwa wa Tanga, amemzidi Yunisi miaka michache tu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Akaugeuza ule mkono huku na kule, akamwonyesha kwenye picha: kano inayoshika bega imechanika, si yote, upande mmoja.

"Una bahati," akasema. "Ingekatika yote tungekuwa tunazungumza habari za kisu. Hii itaunga yenyewe ukiipa nafasi. Wiki kumi na mbili. Hurushi mkuki, hurushi jiwe, hurushi mpira, hurushi hata ganda la ndizi. Hubebi ndoo kichwani. Hulalii upande huo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

"Rudia nisikie."

Yunisi akarudia yote, mpaka ganda la ndizi.

Akapewa na mazoezi ya kufanya nyumbani: kuuvuta mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, umefungwa kwenye mwimo wa mlango, kiwiko kimebana ubavuni, mara kumi na tano, asubuhi na jioni. Kuutembeza mkono ukutani kwa vidole, kidogo kidogo. Mazoezi ya bibi kizee, Yunisi aliyaita, lakini aliyafanya yote. Alikuwa anahesabu kwa sauti ili mama yake asikie jikoni asije akamwambia amepunja.

Kilichomshinda ni kukaa. Juni iliingia na upepo wake ule wa Singida, unaokuingia masikioni mpaka unasahau ulikuwa unawaza nini, na yeye akawa kama ameuweka huo upepo ndani ya mwili. Alifagia uwanja mara tatu kwa siku, kwa mkono wa kushoto. Alitembea mpaka Ziwa Kindai na kurudi bila shughuli yoyote, na kule ziwani alipoona mawe mazuri ya bapa ya kurushia akayapa mgongo kabisa asije akatamani. Kanisani mguu ulikuwa unacheza mahubiri yote mpaka mama yake akaukanyaga. Usiku anageuka upande wa kushoto, chali, upande wa kushoto tena. Alikuwa anahesabu wiki kwa vidole na kila akihesabu Septemba inazidi kusogea.

"Wewe mtoto, utanitoboa sakafu," Anastazia alikuwa anamwambia. "Kaa chini hata kidogo."

"Nikikaa naumwa, mama."

"Bega?"

"Kukaa kwenyewe."

Basi alizeti zilipokauka na mzunguko wa kupiga ulipoanza, Yunisi alishukuru Mungu. Nimweleze asiyejua. Huku kwetu vichwa vya alizeti vikishakatwa na kuanikwa, vinamwagwa juu ya turubai na watu wanasimama safu mbili, wanatazamana, kila mmoja na fimbo yake, wanapiga. Mashine za kupuria zipo, tunazijua, lakini wazee wa upande ule wanasema mashine inapasua mbegu na kuharibu ladha ya mafuta, na wazee wakishasema jambo namna hiyo hakuna wa kubishana nao. Watu wanapiga kwa zamu, leo kwa fulani, kesho kutwa kwa fulani, na kila nyumba inatoa fimbo moja. Nyumba isiyotoa fimbo, siku yake ikifika, watu hawaji. Itapiga peke yake mpaka panya washibe.

Nyumba ya Anastazia ilikuwa na watu wawili tu. Mumewe alishafariki, binti mkubwa, Eliana, ameolewa Iramba. Kwa hiyo tangu akiwa na miaka kumi na minane, fimbo ya nyumba ile ilikuwa Yunisi. Akaenda, akapiga, akaimba, akarudi nyumbani amechoka ule uchovu mtamu, akavuta mpira wake mara kumi na tano, akalala. Zamu ya pili vilevile. Hakuna aliyemshangaa, wala yeye hakujishangaa. Mzee Alute, msimamizi wa mzunguko, alimuuliza hali ya bega, akamjibu linaendelea. Mzee akasema bega likiuma lipe kazi lipate moto.

Wiki ya tano akarudi kwa Witness. Alikuwa anakwenda kupongezwa, maana hakuna mgonjwa aliyemtii daktari kama yeye. Witness akamshika mkono, akauinua pembeni, na haujafika hata usawa wa kifua Yunisi akauma meno.

Witness akauteremsha polepole. "Wiki ya tatu ulifika hapa," akasema, akionyesha juu ya kichwa chake. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Umerusha."

"Sijarusha."

"Yunisi, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi si polisi. Umerusha mara ngapi?"

"Daktari, naapa. Hata jiwe. Hata ganda la ndizi."

Witness akaandika kitu kwenye faili kwa mwandiko wa hasira. Hakumwamini. Yunisi akatoka pale machozi yanamlengalenga, si kwa sababu ya bega. Kuitwa mwongo wakati umesema kweli kunachoma kupita kidonda. Akatembea kwa miguu toka mjini mpaka nyumbani, bodaboda zinampigia honi njia nzima, haoni.

Kufika akamkuta Mwalimu Urbano uani. Witness alikuwa amempigia simu. Mwalimu hakugombeza, afadhali angegombeza. Alimsalimia mama, akaingia nyuma ya nyumba, akaikusanya ile mianzi yote minne aliyokuwa amemwachia, akaifunga kwenye baiskeli.

"Mwalimu, sijaigusa."

"Najua unavyoipenda kazi hii," Urbano akasema. "Hata mimi ningeshindwa. Itakaa kwangu mpaka Agosti."

"Mama, mwambie."

Anastazia alikuwa anapepeta mtama. Akachelewa kujibu, sekunde moja tu, lakini Yunisi aliiona ile sekunde. Hata mama yake alikuwa anajiuliza. Usiku ule alisikia mama anasali kwa Kinyaturu upande wa pili wa ukuta, anamwombea mtoto wake moyo wa kusema kweli, na alitamani kuubomoa ule ukuta.

Ikafuata wiki mbili mbaya. Alijishuku mwenyewe. Pengine anarusha usingizini? Akaanza kulala amejifunga mkono na kanga. Jirani mmoja akasema huo si ugonjwa wa hospitali, kuna mtu amemwonea wivu, na Yunisi ambaye hakuwahi kuamini mambo hayo akaanza kuwatazama watu. Na kuna jioni alisimama shambani, kipande cha mti kiko mkononi, akawaza: kama wote wanasema narusha, basi nirushe, angalau dhambi iwe yangu. Alikishika mpaka jasho likamtoka. Akakiweka chini. Hiyo jioni hakumwambia mtu yeyote, maana nani angemwamini.

Na kila baada ya siku mbili alikuwa anakwenda kupiga alizeti, kwa sababu ndiyo saa pekee kichwa chake kilikuwa kinanyamaza.

Jumamosi ya wiki ya saba, Witness akachoka kudanganywa. Akapanda bodaboda bila kumwambia mtu, akaenda nyumbani kwao, Mwankoko, kumfumania mgonjwa wake. Alikuwa ameshajipangia maneno ya kumwambia akimkuta na mkuki. Nyumbani hakukuta mtu. Mtoto wa jirani akamwonyesha kwa kidole: wako kwa kina Scola, wanapiga.

Akafuata sauti. Kwa mbali alisikia wimbo na mdundo, akadhani ni ngoma. Alipofika uani kwa Scola akakuta watu kama kumi na nane, wengi wao wanawake, safu mbili, vumbi limewafunika mpaka nyusi. Fimbo zinapanda pamoja, zinashuka pamoja. Zinapanda nyuma ya kichwa kabisa, mkono umenyooka, halafu mwili wote unazileta chini. Katikati ya safu ya pili, mrefu kuliko wote, yuko Yunisi. Fimbo yake ndiyo iliyokuwa inapanda juu zaidi.

Witness alisimama akitazama saa yake. Nadhani alihesabu mapigo kwa dakika. Halafu akapita katikati ya safu, fimbo zikasimama hewani, wimbo ukakatika.

"Shikamooni," akasema kwanza, maana adabu haikumtoka hata na hasira ile. Wakubwa wakaitikia. Halafu akamgeukia Yunisi. "Hii ni nini?"

"Alizeti, daktari. Tunapiga."

"Tangu lini?"

"Tangu zianze. Wiki nne sasa."

"Kwa siku, muda gani?"

"Toka asubuhi mpaka zinapoisha."

Witness akafumba macho. "Yunisi. Nilikuuliza unafanya nini na mkono wako. Ukaniambia hufanyi kitu."

"Uliniuliza kama narusha." Yunisi akaiteremsha fimbo. "Sirushi. Hii ni kazi."

Na watu wote pale wakamtazama daktari wakisubiri aelewe jambo rahisi namna hiyo. Kazi si mchezo. Mchezo unaumiza, kazi ni kazi, nani amewahi kuumia kwa kazi? Witness aliwatazama nyuso zao moja moja na hasira yote ikamtoka. Alikaa chini palepale, kwenye pembe ya turubai, juu ya vumbi, na sketi yake ya hospitali.

"Nilikukataza mpaka ganda la ndizi," akasema kwa sauti ya chini. "Hili sikukukataza. Sisi kwetu hatupigi alizeti. Nisamehe, mdogo wangu. Hukudanganya."

Yunisi alikuwa amengoja maneno hayo wiki mbili. Alipoyapata hayakumsaidia kitu, kwa sababu alikuwa ameshaelewa yanayofuata.

"Na mkono?" akauliza.

"Kila ukiipandisha hiyo fimbo ni sawa na kurusha. Umerusha mara elfu na elfu. Tunaanza kuhesabu upya leo. Wiki kumi. Zikienda vizuri zote, bila hata siku moja kuharibika, utapata wiki mbili za kushika mkuki kabla ya Dodoma. Ukipiga tena hata leo tu, Dodoma usahau. Na ukiendelea mpaka msimu uishe, usahau na mkuki."

Scola, mwenye uwanja, akakohoa vumbi. Ndipo Witness akauliza, kwa nia njema tu, kama kuna mwingine ambaye bega linamsumbua.

Wanawake wakacheka. "Uliza ambaye halimsumbui," Scola akasema. "Itakuchukua muda mfupi."

Mzee Alute alikuwa ameegemea fimbo yake. Si mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Ana moyo, lakini ana mzunguko wa kusimamia, na mzunguko ukilegea mahali pamoja umelegea wote. Mwaka juzi walimsamehe mtu mmoja mgongo, kesho yake asubuhi wakaugua watatu. Tangu hapo ikawekwa sheria: mgonjwa ni anayelala kitandani. Anayetembea anapiga.

"Daktari tumekusikia," akasema. "Lakini zimebaki nyumba nne pamoja na hii, na ya Anastazia ni ya mwisho. Fimbo yao ikitoka leo, siku yao sina watu wa kuwapeleka. Sio mimi ninayekataa. Hawa ndio watakaokataa."

Hakuna aliyesema atakataa. Hakuna aliyesema hatakataa pia.

"Nitapiga kwa mkono wa kushoto," Yunisi akasema.

"Utapindisha mwili wote na bega litavutwa vilevile," Witness akasema. "Hapana."

"Basi nimalizie hii tu. Hii ya leo. Daktari, zile zetu ni gunia zaidi ya kumi, hakuna wa kuzipiga. Nimalizie nne hizi halafu nitakaa mpaka Krismasi."

"Yunisi, hujanisikia."

Alikuwa amesikia sana. Miguu yake ilikuwa haitulii juu ya turubai, inasaga mbegu, na fimbo iko mkononi. Alikuwa anajua pia kwamba daktari akishaondoka na bodaboda yake, ataipandisha. Angefanya nini kingine? Amwache mama yake apige gunia kumi peke yake?

Ndipo Anastazia akatoka jikoni kwa Scola. Alikuwa huko anapika na wanawake wawili, na mlango ulikuwa wazi, alikuwa amesikia yote. Alijifuta mikono kwenye kanga akaja moja kwa moja mpaka kwa mwanawe.

"Lete," akasema.

"Mama, wewe mkono wako haupandi."

"Nimekuuliza?"

Kila mtu alijua. Bega la Anastazia lilikufa zamani, Yunisi akiwa bado anatambaa, kwenye viwanja hivihivi. Mkono wake ulikuwa unaishia usawa wa sikio, hapo unagoma. Watu waliuita utu uzima, na wakati huo alikuwa na miaka ishirini na saba.

"Sheria inasema fimbo," Anastazia akamwambia Mzee Alute. "Haisemi ya nani."

Mzee akatazama chini. "Haisemi, mama Eliana."

"Haya. Ng'ombe hashindwi na nunduye." Akaichukua ile fimbo kwenye mkono wa Yunisi, akaingia kwenye safu, mahali palepale. "Na wewe nenda kakae pale kwenye kinu. Nikikuona umesimama, fimbo hii itakuwa ya kazi mbili."

Wimbo ukaanzishwa tena, na Yunisi akakaa.

Nimewahi kuona watu wakifanya mambo magumu. Sijaona gumu kama lile. Fimbo za watu kumi na saba zilikuwa zinapanda nyuma ya kichwa, ya kumi na nane inaishia sikioni, inatetemeka, inashuka na nguvu nusu. Kila ikipanda, Anastazia alikuwa anauma mdomo wa chini. Hakuacha hata pigo moja. Yunisi alikaa juu ya kile kinu kilichopinduliwa amejikumbatia, miguu inacheza, na mara tatu alijikuta ameshasimama bila kujua, na mara tatu mama yake, bila kugeuza kichwa, aliita jina lake. Akakaa. Alilia bila kujificha. Witness alikaa naye mpaka alasiri, halafu akarudi mjini.

Wakapiga kwa Scola, wakapiga nyumba ya pili, wakapiga kwa Mzee Alute. Kote huko Yunisi alikwenda, akakaa. Angeweza kubaki nyumbani asione, na mama yake alimwambia hivyo. Hakutaka. Alisema kama mtu anapiga kwa ajili yako, uwe unamtazama. Jioni alikuwa anampasha mama yake maji ya moto, anamkanda bega kwa mkono wa kushoto, na Anastazia anasema haliumi, limechoka tu. Halafu Yunisi anakwenda mlangoni kuvuta mpira wake, mara kumi na tano, kiwiko kimebana ubavuni. Hakuhesabu tena kwa sauti.

Siku ya nyumba yao ilikuwa ya upepo mkali. Watu walikuja wote, hakukosekana hata mmoja. Walipiga gunia kumi na moja mpaka jua likaanza kuinama, wakapepeta, wakashona midomo ya magunia. Kisha wakanawa, wakakaa kwenye mikeka uani, ugali na kuku wa kienyeji, na mwenye nyumba anakula pamoja na waliompigia, ndivyo ilivyo.

Anastazia akanyoosha mkono wa kulia kwenye sinia. Vidole vikamega tonge, vikalifinyanga, lakini mkono haukupanda. Ulifika kifuani ukasimama. Akajaribu tena, akiinamisha kichwa kuufuata, tonge likamdondokea mapajani. Halafu, mbele ya wageni, mbele ya Mzee Alute ambaye amewachapa wajukuu kwa kosa hilo, akanyoosha mkono wa kushoto, akamega, akala.

Watu walitazama masinia yao. Upepo ulikuwa unapeperusha maganda ya alizeti kwenye mikeka.

Yunisi akainuka. Akachukua birika, akanawa mkono wa kulia, akaja akakaa chini karibu kabisa na mama yake. Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalipeleka kwenye mdomo wa mama yake.

"Huo mkono umeruhusiwa?" Anastazia akauliza.

"Chini ya bega ruksa. Fumbua."

Anastazia akafumbua, akala. Watu wakaanza kuongea tena, kwa sauti ndogo, habari za bei na habari za mvua. Yunisi akamlisha tonge la pili na la tatu, na mama yake alikuwa anatafuna polepole akiutazama ule mkono unavyokwenda kwenye sinia na kurudi.

"Septemba," akasema alipomeza, "usije ukaenda kule ukarusha karibu."

"Sitarusha karibu, mama."

Akamega lingine.